Mbuyu kwenye programu iliyozaliwa Chicago

Tepu yetu ilikuwa ya mita tano. Tuliizungusha kwenye mbuyu, ikaishia upande wa pili, ikabidi tuweke alama kwa chaki na kuanza tena kutoka pale. Mlinzi wa kiwanja kile, mzee wa baraghashia na redio ndogo mkononi, alikuwa anatutazama tangu tulipobisha hodi getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa mnaukata lini?"

Aliyewahi kupima miti Dar es Salaam analijua swali hilo. Tukamweleza kuwa hatukati, tunahesabu tu. Kuna programu ya kompyuta, ukiipa unene, urefu na upana wa mti, inakuambia umehifadhi kaboni kilo ngapi, umezuia maji kiasi gani, umesafisha hewa kiasi gani, na yote hayo ni sawa na pesa ngapi. Mzee akacheka, akauliza: "Na hiyo programu inaujua mbuyu?"

Sikuwa na jibu fupi. Makala haya ndiyo jibu refu.

Programu yenyewe ni i-Tree Eco. Haiuzwi, inatolewa bure na Huduma ya Misitu ya Marekani, iliyo chini ya wizara ya kilimo ya nchi hiyo, pamoja na washirika kadhaa ikiwemo kampuni ya utunzaji miti ya Davey. Chimbuko lake ni utafiti mkubwa wa miti ya Chicago ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1994. Baada ya hapo David Nowak na Daniel Crane, wakiwa Syracuse katika jimbo la New York, waliunda modeli iliyoitwa UFORE. Mwaka 2006 modeli hiyo na nyenzo nyingine zikafungashwa pamoja kwa jina la i-Tree, na tangu hapo imezunguka dunia.

Wengi tukisikia programu "inarekebishwa kwa matumizi ya nchi nyingine" tunafikiria tafsiri: menyu ziwe kwa lugha yetu, futi ziwe mita, dola ziwe shilingi. Hiyo ni kazi ya wiki mbili. Ugumu uko kwingine. Wewe na tepu yako mnaipa programu namba chache tu kwa kila mti, nayo inakurudishia ripoti ya kurasa nyingi. Hizo kurasa za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwenye majedwali na kanuni zilizomo ndani, na kila moja ilipimwa na mtu fulani, kwenye miti fulani, mahali fulani. Kuirekebisha programu ni kulipitia jedwali moja baada ya jingine na kuliuliza: wewe ulipimwa wapi, na una haki gani ya kuusemea mti wangu?

Sehemu isiyohitaji pasi ya kusafiria

Nianze na habari njema. Njia ya kuchukua sampuli inavuka mpaka bila shida. Unatupa nukta bila kuchagua juu ya ramani ya mji, na kila nukta inakuwa katikati ya ploti ya duara yenye eneo la hekta 0.04, yaani mita 11.3 kutoka katikati hadi ukingoni. Ndani ya duara hilo unapima kila mti. Ploti 200 ni kiwango cha kawaida, na uzoefu wa Marekani unaonyesha kuwa zinakupa idadi ya miti ya mji mzima yenye kosa la takriban asilimia 12. Ukizijumlisha zote ni hekta 8 tu.

Jiometri ni ileile Syracuse na Tandale. Tofauti ni hodi. Nukta haichagui: moja itaangukia bustani ya umma, nyingine katikati ya barabara, ya tatu uani kwa mtu ambaye hayupo na mbwa wake yupo. Ukiruka nyua za watu kwa sababu ni usumbufu, utabaki na miti ya barabarani na ya taasisi, na utaikosa miembe, mipera na minazi ambayo ndiyo msitu wenyewe wa miji yetu.

Kuna jambo dogo la tepu pia. Wamarekani hupima kipenyo cha shina kwenye futi nne na nusu kutoka ardhini, sawa na mita 1.37. Maafisa misitu wa huku, kama sehemu nyingi za dunia, hupima mita 1.3. Kwenye mwembe sentimita saba hizo si kitu. Kwenye mbuyu uliotanuka chini kama chungu, zinabadilisha namba. Chagua moja, iandike kwenye fomu, usichanganye.

Jina, uzito na kukua

Programu haijui "mkungu" wala "mjohoro". Inataka jina la kisayansi, na hapo ndipo mtu wa kwanza hukwama, kwa sababu hata majina ya kisayansi huhama. Ule mti mwembamba kama mshale ambao watu wa Dar na Mombasa wanaupanda kando ya ukuta, wanaouita ashoki, kwa miaka mingi ulikuwa *Polyalthia longifolia*. Siku hizi ni *Monoon longifolium*. Mpimaji mmoja akiandika la zamani na mwenzake jipya, ripoti inaweza kuonyesha aina mbili za miti ambayo wote mnaiona ni mmoja.

Jina likipatikana, programu inatafuta kanuni ya kugeuza kipenyo na urefu kuwa uzito mkavu wa mti. Nusu ya uzito huo ndiyo inahesabiwa kuwa kaboni. Kama kanuni ya spishi hiyo haipo, inachukua wastani wa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu. Kama haipo, inapanda hadi familia, na kuendelea juu. Kwa mti wa Marekani ngazi hiyo ni fupi. Kwa mbuyu ni ndefu, na inapelekea mahali pa ajabu. Mbuyu uko kwenye familia ya Malvaceae, ambamo wataalamu wa mimea siku hizi wameweka pia mpamba, bamia, mkakao na *Tilia*, mti maarufu wa mitaani huko Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mbuyu usio na kanuni yake unaweza kupewa uzito wa ndugu ambaye hawajawahi kuonana.

Na mbuyu si mti wa kukisia. Shina lake limejaa maji, na kuni yake ikikauka ni nyepesi kama sifongo. Kanuni iliyotengenezwa kwa miti ya mbao ngumu ikiona kipenyo cha mita mbili, inaona ghala la kaboni. Mnazi una tatizo la upande mwingine: haunenepi mwaka hadi mwaka kama mwembe, unakwenda juu tu. Kipenyo chake hakikuambii umri, wala hakikuambii mwaka huu umeongeza nini.

Kwa miti iliyosimama peke yake, programu huzidisha uzito kwa 0.8, kwa sababu kanuni nyingi zilitokana na miti ya msituni, na mti wa mjini wenye unene uleule huwa mwepesi kidogo. Hilo ni rekebisho la busara, ila nalo limetoka kwa miti ya kwao. Habari nzuri ni kwamba hatuko mikono mitupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamekata na kupima miti ya miombo na mikoko ya Tanzania na kuchapisha kanuni zake. Hazikutengenezwa kwa miti ya mjini, lakini ningeziamini mapema kuliko wastani wa familia.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni suala la kukua. Ili kujua mti unaongeza kaboni kiasi gani kwa mwaka, programu inahitaji kujua unanenepa kwa kasi gani. Msingi wake ni sentimita 0.83 za kipenyo kwa mwaka, kwa mti uliosimama wazi, mahali penye siku 153 zisizo na jalidi, yaani baridi ya kugandisha. Mahali pengine unazidisha kulingana na urefu wa msimu usio na jalidi. Kaskazini mwa Marekani hiyo ni akili nzuri sana: kule baridi ndiyo inayoufungia mti mlango. Sasa lete kanuni hiyo Dar es Salaam, ambako jalidi haijawahi kuonekana. Siku zisizo na jalidi ni 365. Gawanya kwa 153, zidisha kwa 0.83, unapata karibu sentimita 2 kwa mwaka. Programu itapunguza kama mti unaonekana mgonjwa, umebanwa na wenzake, au unakaribia kimo chake cha mwisho. Lakini chanzo cha hesabu ni kwamba mti wako unakula mwaka mzima bila kufunga. Ukweli ni kwamba huku mlango unafungwa na ukame. Mti wa Dodoma na mti wa Tanga, ikiwa yote iko mahali pasipo jalidi, hesabu hiyo inaianzisha kwa kasi moja. Mtu yeyote aliyewahi kuishi miji hiyo miwili atacheka.

Kosa hilo haliondoki kwa kubadilisha menyu. Linaondoka kwa mtu kurudi kwenye mti uleule, na tepu ileile, baada ya miaka mitano.

Majani, mvua na saa zetu

Karibu kila faida ya mti inapitia kwenye majani, kwa hiyo eneo la majani ndilo moyo wa hesabu. Kanuni ya kulikadiria kutoka kwenye urefu na upana wa mwavuli wa mti ilitokana na miti inayopukutisha majani iliyopimwa Chicago. Halafu programu inahitaji tarehe: majani yanatoka lini, yanaanguka lini. Kwao tarehe hizo zinafuata jalidi ya mwisho na ya kwanza ya mwaka. Australia, moja ya nchi za mwanzo kuingizwa rasmi, Januari ni kiangazi na majani yako juu, kwa hiyo msimu wa majani unavuka mwaka mpya. Pwani yetu kila mti una kalenda yake. Mbuyu unabaki mifupa mitupu miezi mingi ya ukavu, mkungu unageuka mwekundu na kumwaga majani, mwembe hauna habari. Tarehe moja ya mji mzima haiwezi kuwasemea wote.

Mvua inanipendeza zaidi kuieleza, kwa sababu hesabu yake inaonekana kwa macho. Modeli inachukulia kuwa kila uso wa jani unashika utando wa maji wa milimita 0.2. Mti wenye tabaka tano za majani juu ya ardhi unashika basi kama milimita 1 kabla haujaanza kudondosha. Manyunyu ya milimita 1 usiku yanaishia palepale juu na kukauka asubuhi. Mvua ya masika ya milimita 40 kwa saa moja inaujaza mwavuli dakika za mwanzo tu, na yote iliyobaki inakwenda kufurika bonde la Jangwani, Dar es Salaam, kama kawaida. Lakini milimita 40 zilezile zikinyesha kwa vipindi siku nzima, jani linashika, linakauka, linashika tena. Ndiyo maana programu inadai mvua ya kila saa. Vituo vingi vya mvua Afrika Mashariki husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi. Jumla ya siku ni ya kweli kabisa, ila kwa kazi hii haitoshi, na mtu anayeigawanya sawasawa kwa saa 24 ili kuiridhisha programu anatengeneza manyunyu ya uongo yanayoupa mti sifa usizostahili.

Kuna mtego mwingine ambao hakuna mwongozo wa Kimarekani utakaokuonya. Niliwahi kupokea jedwali la mvua ya kila saa, safi, halina pengo hata moja, na dhoruba zote kubwa za mchana zilikuwa zimeangukia asubuhi. Tulihangaika siku mbili. Aliyeandika alitumia saa zetu: saa nane mchana aliiandika 8, kompyuta ikasoma saa mbili asubuhi. Saa sita zote zimehama. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mtu mwenye data ni, "Saa hizi ni za Kiswahili au za kizungu?" Hakuna anayeliona la kipuuzi.

Hewa

Hapa mahitaji ni makali. Programu inakokotoa ni gesi na vumbi kiasi gani vinatua kwenye majani, saa kwa saa, kwa mwaka mzima. Inataka vipimo vya kila saa vya ozoni, naitrojeni dayoksaidi, salfa dayoksaidi, kaboni monoksaidi na vumbi laini la PM2.5, pamoja na hali ya hewa ya kila saa, ambayo kwa kawaida hutoka viwanja vya ndege. Miji ya Marekani na Ulaya ina vituo vya kudumu vinavyopima hayo. Kwetu hali imeanza kubadilika kwa vumbi: mradi wa AirQo, ulioanza mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Makerere, umesambaza vipima hewa vya gharama nafuu vinavyofanya kazi hata juani na vumbini. Lakini kipima vumbi hakipimi ozoni. Na ukiazima ozoni ya mji mwingine ili kujaza safu tupu, ripoti yako itaeleza miti yako imesafisha hewa ya watu wengine.

Hata hewa ya juu inatakiwa, ili kujua uchafu unachanganyika hadi kimo gani. Data hiyo huletwa na maputo ya hali ya hewa, ambayo kwa utaratibu wa kimataifa hurushwa kwa wakati mmoja duniani, saa 00 na saa 12 za Greenwich. Puto la saa 12 likipaa New York ni asubuhi. Likipaa kituo cha Dagoretti, Nairobi, ni saa tisa alasiri, jua limeshaipasha ardhi. Safu ni ileile kwenye jedwali, ila moja inaeleza hewa iliyolala na nyingine hewa inayochemka.

Kuhusu umeme unaookolewa na kivuli nitasema kwa kifupi: zima kipengele hicho. Kimejengwa juu ya nyumba za Kimarekani zenye kupashwa joto na kupoozwa, na juu ya jua linalopita upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam jua la Juni liko kaskazini, la Desemba kusini, na nyumba nyingi zinapoozwa kwa dirisha.

Bei ya nani?

Mji wa kwanza Uingereza kuijaribu ulikuwa Torbay, pwani ya kusini magharibi, na ripoti yake ilitoka mwaka 2011. London ilifuata kwa ukubwa wa aina yake mwaka 2015: ploti zaidi ya 700, kazi kubwa ikifanywa na watu wa kujitolea, na hesabu ya miti takriban milioni 8.4. Gharama ya kuibadilisha miti hiyo, kwa kanuni ya wathamini wa Kimarekani, ilikuwa karibu pauni bilioni 6.1. Waingereza hawakuishia hapo. Walikuwa na kanuni yao wenyewe, CAVAT, inayouthamini mti pia kwa jinsi unavyoonekana na watu wangapi wanaishi karibu nao. Kwa CAVAT, miti ya London ilifikia pauni bilioni 43.3. Miti ni ileile na mwaka ni uleule, ila jibu la pili limezidi la kwanza mara saba.

Hakuna aliyekosea. Walijibu maswali mawili tofauti. Lakini ndiyo sababu nachoka nikisikia mtu anasoma thamani ya miti ya mji kama anasoma salio la benki. Thamani ya hewa safi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa Marekani inahesabiwa kwa gharama za afya: kulazwa hospitali, siku za kazi zilizopotea, na kiasi ambacho Mmarekani yuko tayari kulipa kupunguza hatari ya kufa. Ukizidisha tu kwa bei ya dola ya leo, umeleta hospitali ya Chicago Temeke, na bili yake. Kwa bahati nzuri bei ya umeme, ya kaboni na ya maji ya mvua yaliyozuiwa unaweza kuziingiza mwenyewe. Ziingize. Na kama huna bei ya kwenu unayoweza kuitetea mbele ya madiwani, acha tani zibaki tani.

Mlango wa kuingilia

Kabla ya toleo la sita la mwaka 2016, mji wa nje mara nyingi ulilazimika kutuma data zake Marekani na kusubiri zishughulikiwe kwa mkono. Canada, Australia na Uingereza zikaingizwa ndani ya programu, baadaye Mexico na nchi nyingi za Ulaya. Kwa nchi nyingine kuna ukurasa uitwao i-Tree Database: unawasilisha spishi ambazo hazimo, taarifa za mji wako, mvua na uchafuzi wa hewa wa kila saa. Wataalamu wanakagua, na zikikubalika zinaingia kwenye toleo linalofuata, zikimfaa kila atakayekuja baada yako. Asiye na subira ana i-Tree Canopy, ambayo inakupa nukta juu ya picha za setilaiti na wewe unasema hapa mti, hapa paa. Itakupa asilimia ya kivuli cha mji kwa siku mbili, na kwa diwani asilimia hiyo mara nyingi inatosha. Namba za kaboni na pesa zinazokuja chini yake ni za kuangalia kwa jicho moja.

Ningekuwa na fedha kidogo za kuanzia, ningetuma kwanza orodha ya spishi, kwa kuwa haigharimu zaidi ya mtaalamu mmoja wa mimea na viatu imara. Halafu mvua. Hewa ningeiacha mwisho, na kwenye ripoti ningeiacha wazi kuliko kuijaza ya kuazima. Idadi ya miti, aina zake, unene na afya yake ningevichapisha hata kesho, maana hivyo vimepimwa hapa kwa tepu ya hapa.

Mbuyu wa yule mzee uko kwenye fomu ya ploti ile. Spishi imeandikwa, kipenyo kimeandikwa, upana wa mwavuli pande mbili umeandikwa. Safu ya kaboni ina namba ambayo programu iliitoa, na pembeni kuna maneno matatu ya kalamu nyekundu: "Kanuni si yake." Mlinzi aliomba kuiona karatasi kabla hatujaondoka, akaisoma yote taratibu, kisha akatuonyesha nyuma ya banda lake mche wa mwarobaini tuliouruka.